Mpiga Picha Anayerudi Jikoni

Mume wangu anaitwa Zéphyrin Kasika, na kwa miaka tisa ya ndoa yetu nimemfulia soksi nyingi kuliko mashati. Wapiga picha wengine wa harusi huenda kazini kwa pikipiki. Wanashusha taa zao na mwavuli wao mweupe, wanawapanga watu kwa mistari, warefu nyuma, wafupi mbele, wanahesabu moja, mbili, tatu, na kazi imekwisha. Zéphyrin huenda kwa miguu. Harusi ikiwa Jumamosi, yeye anaondoka hapa Mpofi Alhamisi asubuhi, buti za mpira miguuni, fimbo mkononi, kamera kifuani chini ya koti la mvua. Zamani nilikuwa namuuliza kwa nini asipande pikipiki kama binadamu wengine.

"Pikipiki inapita mbio," ananijibu. "Miye niko naenda kuona."

Basi anakwenda kuona, na mimi nabaki kuangalia mlango. Nisiseme uongo: kila Alhamisi namtamani mume wangu kabla hata hajamaliza kufunga begi. Nikimtamani nakasirika, na nikikasirika napiga kelele juu ya matope sakafuni. Yeye anadhani nagombana kwa sababu ya matope.

Alizaliwa huku huku Walikale, katika ukoo wa wawindaji. Baba yake alimfundisha kukaa upande ambao upepo hautapeleka harufu yake kwa mnyama, kukanyaga bila kuvunja kijiti, na kungoja hata kama siafu wanapanda mguuni. Alipokuwa kijana alikwenda Rubaya kubeba mizigo ya mawe ya koltani kutoka kwenye mashimo hadi barabarani. Huko ndiko alikopata kamera yake ya kwanza, mkononi mwa mfanyabiashara mmoja aliyechoka na vumbi akarudi kwao. Picha aliyoipiga kwanza ilikuwa ya wabebaji wenzake wamekaa juu ya magunia, mmoja anachomoa mwiba kwenye kisigino cha mwenzake. Hakuna aliyejua kwamba anapigwa picha. Anaitunza mpaka leo, na aliniambia kwamba siku ile alielewa kuwa kuna uwindaji ambao mnyama anabaki mzima.

Hivyo ndivyo anavyofanya kazi. Hamwambii mtu acheke. Hamwombi bibi harusi arudie kupanda ngazi za kanisa eti kwa sababu jua lilikuwa halijakaa vizuri. Kama bwana harusi ameteleza kwenye matope mbele ya wakwe, basi ameteleza. Kuna nyumba moja njia ya kwenda Kalembe ambayo picha kubwa ukutani sebuleni ni hiyo hiyo, bwana harusi chini, suti nyeupe imekuwa ya rangi ya udongo, na wakwe wote wamefungua midomo. Mwanzoni waliapa hawatamsalimia tena. Sasa kila mgeni akifika anapelekwa kwenye picha hiyo kabla hajapewa kiti.

Lakini kinachowafanya watu wamwite yeye na wasiwaite wa mjini ni jambo lingine. Katika familia nyingi za huku, mama wa bibi harusi haendi harusini. Msafara ukiondoka kumpeleka binti kwa mumewe, mama anabaki jikoni. Nyumba iliyotoa mtoto, wanasema, haiachwi bila mtu kwenye moto. Shangazi watakwenda, majirani watakwenda, hata jirani ambaye hamkusalimiana mwaka mzima atakwenda na atakula. Mama peke yake anakaa kwenye kigoda chake akisikia vigelegele vikipotea bondeni.

Zéphyrin anaanzia hapo, jikoni, alfajiri, wakati mama anamfunga binti kitambaa mara ya mwisho. Kisha anatembea na msafara, anavuka nao mito, anakwenda mpaka kwenye ngoma. Na Jumapili, wengine wakiwa bado wamelala kwa shibe na pombe ya ndizi, yeye anarudi njia ile ile peke yake mpaka jikoni kwa mama. Anavuta kigoda, anafungua kamera, na kwenye kile kioo kidogo cha nyuma anamwonyesha moja baada ya nyingine. Picha za karatasi zitakuja baadaye, miezi mingine, mtu akienda Goma. Lakini mama haangoji. Akina mama, aliniambia, hawaulizi keki ilikuwa na ghorofa ngapi. Wanauliza mambo mawili tu: "Alikula?" na "Alilia?"

Mimi ni wa Kalembe, ingawa damu yetu ni ya Butembo. Wazazi wangu walishuka zamani na mabunda ya chumvi na sabuni, wakafungua duka, na baba alipofariki mama yangu, Mama Pétronille, hakurudi kwao. Alisema duka halina miguu. Zéphyrin aliingia humo siku moja kutafuta betri za tochi, akarudi kesho yake kutafuta betri nyingine, na siku ya tatu mama akaniambia, "Uyu muntu, ao tochi yake inakula betri, ao anakutafuta weye." Hakumkataa. Ila alinionya kwamba mwanamume anayetembea hivi ataniacha nikiangalia mlango. Mama yangu hakukosea mara nyingi maishani.

Sasa sikiliza kilichotokea siku ya harusi yetu, maana ndipo mzigo wote ulipoanzia.

Bwana harusi hawezi kujipiga picha. Zéphyrin alikuwa na kamera moja na hakumwamini mtu yeyote isipokuwa kaka yake, Callixte, ambaye ni mwindaji kamili, mtu wa kukaa msituni wiki mbili na kurudi na maneno matatu. Alimfundisha kitufe cha kubonyeza, akamfundisha kutazama, kisha akamwambia jambo ambalo hakupaswa kumwambia: "Batri iko kidogo. Usipoteze."

Ukimwambia mwindaji usipoteze, umemwambia habari za risasi. Na mwindaji hapigi kitu ambacho hakijatulia. Siku nzima Callixte alitembea na sisi kutoka Kalembe, alikobaki mama yangu jikoni, hadi Mpofi, kamera jichoni, akingoja. Watu walicheza, hakupiga. Niliingia kanisani, hakupiga. Jioni Zéphyrin akafungua kamera, akakuta picha tatu. Ya kwanza ilikuwa ndege mkubwa mwenye mdomo wa pembe, juu ya paa la kanisa. Ya pili, beberu wa mahari. Ya tatu, padri ameinama kufunga kamba ya kiatu.

"Na bibi yangu?" Zéphyrin akauliza.

"Alikuwa anatikisika," Callixte akasema. "Bantu bote balikuwa banatikisika."

Nilicheka mpaka machozi yakatoka, halafu nikalia kweli. Usiniulize simu za wageni. Iliyokuwa na picha ilikuwa moja, ya binamu, naye aliiuza pamoja na harusi yangu ndani. Asubuhi ya Jumapili Zéphyrin alikwenda Kalembe, maana hajawahi kuacha kwenda, akamwonyesha mama yangu ndege, beberu na padri. Mama akatazama zote tatu kwa heshima. Kisha akauliza, "Na mutoto wangu?"

Mganga hajigangi. Akina mama wangapi wa Kalembe wamewaona binti zao wakiwa mabibi harusi kwenye kioo kile? Arobaini, labda zaidi. Mmoja tu hakumwona wake, na ni mama mkwe wa mpiga picha. Kila alipopita njia ile, mama alimuuliza toka mlangoni mwa duka, "Zéphyrin, zangu ziko wapi?" Mwaka wa kwanza ilikuwa utani na wateja walicheka. Mwaka wa nne ilikuwa bado utani, lakini hakuna aliyecheka. Siku moja nilipokuwa nimekwenda kumsalimia aliniambia huku akipima chumvi, bila kuniangalia, "Miye nilikuzaa, nikakulea, na siku ulikuwa muzuri kupita zote, bantu bengine njo balikuona."

Nilirudi nyumbani nikirudia maneno hayo njia nzima: watu wengine ndio walioniona. Nikamwambia Zéphyrin dawa ni rahisi. Tuazime gauni, nivae, nisimame mbele ya kanisa, apige, ampelekee mama. Kwisha.

"Siwezi," akasema.

"Juu ya nini?"

"Ile haitakuwa harusi. Itakuwa weye, Wivine, umevaa robe. Miye sipigake foto ya kudanganya."

Nikamwambia azioe hizo picha zake za ukweli, zimpikie na sombe. Wiki nzima sikusema naye. Nilimpa chakula, sikumpa neno. Hakubadilika. Ni mtu mpole, na watu wapole ndio wagumu kuliko wote. Mkali utamchosha, mpole hachoki.

Kisha njia ikafungwa. Vita vilikaa kati yetu na Kalembe, mtandao wa simu ukafa, na kwa mwaka na miezi sikumwona mama yangu wala kusikia sauti yake. Ni saa chache tu za kutembea! Nilikuwa nasimama nyuma ya nyumba naangalia kilima ambacho nyuma yake kuna vilima vingine viwili na nyuma ya hivyo kuna mama, na sikuweza kwenda. Harusi zilipungua. Zéphyrin akawa analima na mimi, kila Alhamisi yupo, na ndipo nilipojua kwamba nilichokuwa nakitamani hakikuwa yeye akae nyumbani. Nilitamani dunia ambayo anaweza kutoka na kurudi.

Habari za kwanza zililetwa na mwanamke aliyekimbia kwa kuzunguka msituni. Mama ni mzima, alisema. Duka limebaki rafu mbili. Lakini macho yake yana utando mweupe, na chumvi sasa anaipima kwa vidole.

Sikuwa na haja ya kumwambia Zéphyrin. Alikuwa amekaa pale pale, amesikia.

Watu walipoanza kupita tena, aliitwa kwenye harusi moja karibu, ya msichana aitwaye Mapendo. Akarudi Jumapili amechelewa, akafungua begi, akaweka mezani kitu kilichofungwa kwa nailoni mara tatu. Lilikuwa gauni la Mapendo, jeupe, limekunjwa kama mtoto aliyelala.

"Aya," akasema. "Tutaipiga ile foto."

Niliona jinsi ilivyomwuma. Nikafurahi hata hivyo. Mimi si malaika, na mama yangu alikuwa anaishiwa na macho.

Tukaondoka kesho yake. Nilikuwa sijawahi kutembea naye safari ndefu tangu siku ya harusi, na siku ile nilikuwa natazama miguu yangu tu. Sasa nilimwona kazini mwake. Alikuwa anasimama ghafla, ananionyesha kwa kidevu: nyani watatu wanakula matunda bila haraka, ukungu umekaa bondeni na paa moja tu limetokeza, alama ya kwato ya nguruwe mwitu iliyojaa maji na kipepeo anakunywa humo. Hakusema chochote juu ya vitu hivyo. Alingoja tu mpaka nimeviona, kisha anaendelea. Nikaelewa Alhamisi zake zote, nikaona wivu kwamba alikuwa nazo bila mimi.

Mtoni tulikuta mvua imebeba gogo la kuvukia. Maji yalifika kiunoni, ya rangi ya chai ya maziwa. Nilivuka kwanza kwa fimbo yake. "Mwenda pole hajikwai," huwa ananiimbia nikiwa na haraka, basi akaingia polepole, begi la gauni amelishika juu ya kichwa kwa mikono miwili, kamera kifuani. Katikati, jiwe likageuka chini ya mguu wake. Nilimwona akizama. Kichwa kilipotea, mabega yakapotea, ila mikono miwili ilibaki juu ya maji imeshika gauni, imenyooka, haikutikisika hata kidogo.

Alipotoka, kamera ilikuwa inatiririka maji kwa kila tundu.

"Aparei!" nikapiga kelele. "Zéphyrin, aparei!"

Akaigeuza, akabonyeza, akaibonyeza tena. Kioo kilibaki cheusi. Alikuwa ametembea nayo miaka, mvua na mito yote, na haijawahi kulowa.

"Robe haikuguswa na maji," akasema.

Tulitembea njia iliyobaki. Mimi nilikuwa nahesabu moyoni: gauni lipo, nitalivaa, mama ataniona kwa macho yake, na picha tutaiacha. Bado ilikuwa inawezekana. Nilikuwa naongeza mwendo.

Mama alikuwa jikoni, mchana ule, anachambua maharage kwa vidole. Alisikia miguu yangu uani akainua uso. "Wivine, njo weye?" Akanitazama, na macho yake yakatua pembeni ya sikio langu, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Nilipiga magoti mbele yake. Alinishika uso, akanishika mabega, akasema nimekonda. Nikasogeza mkono wangu mbele ya macho yake. Hayakuufuata.

Nilimaliza safari yangu hapo. Begi la gauni lilikuwa mlangoni, kavu, na halikuwa na kazi tena duniani. Nilichelewa. Nilichelewa kwa sababu ya vita, na kwa sababu ya ugumu wa mume wangu, na kwa sababu ya wiki ile niliyonuna badala ya kumvuta kwa nguvu, na nilitaka kumpiga mtu lakini sikujua nianze na nani.

"Na mukwe iko?" mama akauliza. "Nasikia buti yake. Zéphyrin! Zangu uliileta?"

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba kamera imekufa majini. Zéphyrin akaweka mkono begani kwangu, akapita. Akavuta kigoda, akakaa karibu na mama kama anavyokaa na akina mama wote. Akaitoa kamera chini ya koti. Bado ilikuwa inadondosha maji.

"Nimeileta, Mama," akasema. Akabonyeza kitufe, na kitufe kikalia tik. "Apa njo tunatoka apa nyumbani. Wivine ameshika viatu mu mukono. Iko anatembea miguu bule mu matope, na shangazi yake iko anamugombeza."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimesahau.

Tik. "Apa njo ku muto. Anainua robe mpaka ku magoti, na anaangalia kama kuna muntu anamuona. Anacheka."

Tik. "Apa njo mu kanisa. Padri anamuuliza, na iko anajibu mbele padri hajamaliza."

Mama alicheka kwa sauti, ule mkono wake wenye vumbi la maharage mdomoni. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni siwezi kuingia wala kutoka. Miaka tisa niliamini kwamba siku ile ilipotea, kwamba iliuzwa na simu ya binamu, na kumbe mtu huyu alikuwa nayo yote, kipande kwa kipande, na hakuwahi kuniambia kwa sababu sikuwahi kumuuliza. Mimi nilimdai picha tu.

"Alikula?" mama akauliza.

Tik. "Apa njo anakula. Muchele, na nyama ya mbuzi. Kidogo tu. Iko anapanguza mafuta ku vidole, mu kona ya kitambaa cha meza."

"Anafanyaka vile tangu mutoto," mama akasema. "Na alilia?"

Zéphyrin hakubonyeza mara moja. Hakunitazama.

"Alilia, Mama. Nyuma ya kanisa, ku bomba ya maji, peke yake. Alizani hakuna muntu anamuona. Alikuita mara mbili. Kisha akanawa uso, akarudia ku ngoma."

Hakuna mtu aliyekuwa pale bombani. Ningeapa mbele ya padri kwamba hakuna mtu aliyekuwa pale.

Maharage yalikuwa yamemwagika kutoka kwenye ungo wa mama na hakujali. Kisha akaunyosha mkono, akaigusa kamera, akapitisha vidole juu ya kioo kile cheusi chenye maji.

"Na miye?" akauliza. "Miye niko mu foto gani?"

Sema ndiyo, nikamwomba kwa macho. Nilitikisa kichwa kuitikia, nilikunja mikono, nilimwomba mume wangu kama ninavyomwomba Mungu. Mwambie alikuwa mlangoni mwa kanisa, mwambie alikuwa amekaa mbele, mwambie alikuwa amevaa kitenge chake cha kijani. Mara moja tu, Zéphyrin. Atakukamata nani?

"Hapana, Mama," akasema. "Weye hauko. Ulibakia apa."

Mama yangu akashusha pumzi ndefu. Akavuta kigoda chake mpaka magoti yake yakagusana na magoti ya mkwe wake yaliyolowa.

"Basi njo zenyewe," akasema. "Endelea. Nionyeshe ingine."